Mfinyanzi Hana Amri Yote

Chungu kikipasuka kabla hakijaonja moto, alaumiwe nani: udongo, mfinyanzi au jua?

Katika Milima ya Pare swali hili lina uzito wa kidini. Huku Wasabato walianza kazi Giti mwaka 1903, Walutheri ni wengi, na Waislamu wana mizizi mirefu. Yeremia 18 inamlinganisha Mungu na mfinyanzi. Sura Ar-Rahman, aya ya 14, inamtaja mwanadamu kuwa ameumbwa kwa udongo mkavu mfano wa vyombo vya kufinyangwa. Mahubiri mengi huishia kwenye mamlaka: mfinyanzi hutenda apendavyo.

Wanawake wafinyanzi wa Usangi, katika milima hiyohiyo, wanaujua udongo kwa mikono, na udongo haupokei amri yoyote tu. Maji yakitoka, udongo hunywea. Mdomo mwembamba hukauka mapema na kuanza kujivuta, kitako kinene bado kibichi hakiufuati, na hapo ufa hupata njia. Ndiyo maana chungu kibichi huanikwa kivulini, mbali na upepo mkavu kama ule wa tambarare za Same.

Maabara za betri zinakutana na sheria hiyohiyo. Unga wa grafiti huchanganywa na gundi na maji, kisha hupakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Maji yanapokauka, yale yaliyobaki katika vitundu vidogo huvuta chembe zikaribiane, lakini shaba hainywei. Tabaka likiwa nene mno, linapasuka. Joto likizidi, gundi hupanda juu na tabaka hubanduka chini. Watafiti hupunguza unene, hushusha joto, au huongeza alkoholi kidogo ili kulegeza mvuto wa maji.

Mtu atasema Mungu hafungwi na sheria aliyoiweka mwenyewe. Sawa. Lakini aliyeamua maji yatoke polepole ndiye aliyechagua subira, na hilo linawanyima wahubiri haki ya kumwambia mfiwa kwamba amevunjika kwa sababu Mfinyanzi ametaka tu.

Yeremia mwenyewe anatofautisha. Katika sura ya 18 udongo ni mbichi, nao unafinyangwa upya. Katika sura ya 19 gudulia linavunjwa lisiweze kutengenezwa tena. Kati ya sura hizo mbili kuna kukauka na kuchomwa, hatua ambazo mimbari hazizigusi. Anayeandaa somo hilo apande kwanza Usangi, akaulize chungu hukaa kivulini muda gani.