Mombasa Ipi?

Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha Cologne kitabu cha picha za miji. Mombasa imo, ukurasa mmoja na Aden, Kilwa na Sofala. Nimekaa nayo Bofu wiki tatu, picha kwenye simu, biro mkononi, nijifunze kutia kivuli: unapiga mistari ya upande mmoja, unaikatiza na mingine, na ukitaka giza unaibana.

Kujifunza nimejifunza. Lakini bibi alipouona mchoro wangu akauliza, "Mwanangu, hapa ni wapi?" Nikamjibu, Mombasa. Akacheka. "Mombasa ipi?"

Hapo ndo nikakwama. Hogenberg hakuwahi kukanyaga pwani hii. Wareno waliuchoma mji huu 1505. Pichani umetulia tu. Na kinachoufanya uaminike ni kile kivuli: ukuta ukiwa na upande wa giza, jicho linasadiki kwamba upo. Sasa giza hilo nimelikoleza mimi, mtu wa hapa. Kufuata mkono wa fundi ni adabu, sikatai. Lakini je, adabu hiyo inanilazimu nimtolee ushahidi kwa asichokiona?

Chini nimeandika: nakala ya Hogenberg, 1572. Jina la mji sijaliandika.