Mnayamaliza kwa Mgongo wa Majeruhi

Nasema nanyi mnaotamka "ni kazi ya Mungu" kabla damu haijakauka kwenye lami. Nasema na wazee wa ukoo, na matajiri wa mabasi na malori, na trafiki, na vishoka wanaozunguka wodi za mifupa kutafuta sura mpya. Neno lenu kubwa ni moja: tuyamalize. Basi linapinduka asubuhi, na kabla ya alasiri watu wameshaketi nje ya kituo cha polisi wanayamaliza. Majeruhi yuko chumba cha upasuaji, hajui hata kama mguu bado anao, na bei ya mguu huo imeshakubaliwa.

Msimsingizie Mungu. Dereva anayelipita lori kwenye kona za mlima Kitonga hasukumwi na malaika. Breki ambazo fundi alimwambia tajiri kwamba zimekwisha, na tajiri akajibu "maliza kwanza hii safari ya Mbeya", hazikuharibiwa na mkono wa mbinguni. Tena Mungu huyo mnayemtaja alishalisemea jambo hili zamani sana, kabla dunia haijaona gari. Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Mwenye ng'ombe anayejulikana kwa kupiga pembe, akaonywa na asimfunge, dhamana ya damu ya aliyeuawa ni yake. Na aliyempiga mwenzake akamlaza kitandani anatakiwa amlipe siku alizokosa kazi na agharimie matibabu mpaka apone. Fungueni Qurani, Sura An-Nisaa, aya ya 92. Hata aliyeua kwa kukosea anatakiwa awape jamaa wa marehemu diya, ila wenyewe wakiisamehe. Kwa kukosea, nasema. Ninyi mnajificha humo humo kwenye bahati mbaya, na humo humo ndimo malipo yalimowekwa.

Karatasi mnayoandikia naijua. Ni ya daftari la shule, imechanwa katikati. Juu pameandikwa MAKUBALIANO kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari. Kisha yanafuata maneno yale yale: mimi fulani niligongwa na gari namba fulani, nimepokea shilingi laki tatu kwa ajili ya matibabu, sina madai mengine sasa wala baadaye, sitamshtaki dereva wala mwenye gari. Chini kuna saini ya mjomba, saini ya mjumbe, na dole gumba la majeruhi lililopakwa wino wa kalamu kwa sababu hakuna aliyekuja na pedi ya wino. Dole limekaa upande na limeburuzika kidogo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amelala chali, mguu umevutwa kwa uzito, na dawa za maumivu zimemlegeza. Niliyemwona akitiwa dole la namna hiyo alikuwa fundi ujenzi, mtu wa kupanda ngazi kila siku. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hii ndiyo ya dawa?" Wakamwambia ndiyo.

Laki tatu ile ilikwisha kabla chuma hakijawekwa mfupani.

Mnajua mlichokiuza? Sheria ya Tanzania ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo anayekiingiza barabarani awe na bima ya kumkinga mtu wa tatu. Mtu huyo wa tatu ndiye huyu: mama aliyegongwa akivuka kwenda sokoni, mtoto wa shule, mwendesha baiskeli, abiria aliyelipa nauli. Ninyi mnaiita bima ndogo na mnaikata kwa kumwogopa trafiki, kama vile stika ni ya kumwonyesha yeye. Haikuwekwa kwa ajili yake. Iliwekwa ili siku gari lako likimvunja mtu asiye na hatia, pawepo mfuko wa kumlipa hata kama wewe mfukoni huna kitu. Majeruhi anaruhusiwa kudai gharama za hospitali, nauli za kwenda kliniki, kipato alichokosa akiwa kitandani, ulemavu utakaobaki, na maumivu yenyewe. Tajiri anabeba kosa la dereva aliyemtuma kazini. Na ikionekana gari halina bima, deni halifutiki, linabaki kwa mwenye gari. Dereva na utingo walioumia wakiwa kazini nao wana pa kwenda, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ilimradi mwajiri asiifiche taarifa. Yote hayo mliyabadilisha kwa laki tatu na karatasi ya daftari, na karatasi hiyo hiyo ndiyo mtakayokutana nayo mezani kwa watu wa bima siku mtakapoamka.

Ninyi matajiri, msidhani karatasi hiyo imewaokoa. Mikataba mingi ya bima inamkataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Unayamaliza kwa siri, kesho familia inapata wakili, unakimbilia bima yako, nayo inakuuliza nani alikupa ruhusa ya kuahidi. Na bado hamuachi. Mnakuja msibani na jeneza, magunia ya mchele, mafuta, sukari na bahasha. Mnakaa kwenye jamvi na wafiwa, na mshereheshaji anasimama kuwashukuru kwa kipaza sauti, "tajiri wetu ni muungwana". Ni uungwana kweli, na atakayeukataa atakosea. Lakini rambirambi si fidia. Sheria inayohusu vifo vya ajali, Sura ya 310, inawapa mke au mume, watoto na wazazi wa marehemu haki ya kudai riziki waliyokuwa wakiipata kwake. Marehemu alikuwa akilipa kodi ya chumba, ada na unga wa kila wiki kwa miaka. Wali wa matanga haulipi deni la namna hiyo.

Sasa nawageukia wazee wa ukoo, na hapa sitapunguza ukali. Ole wenu mnaosamehe kisichokuwa chenu! Mnasimama mbele ya watu mnasema "sisi kama familia tumesamehe", na watu wanapiga makofi. Nani amesamehe? Mjane yuko ndani na kanga usoni, hakuulizwa. Mtoto wa miaka minne anacheza nje na kifuniko cha soda, hakuulizwa, na hata angeulizwa hana umri wa kujibu. Msamaha hutolewa na mwenye haki, na haki ya yatima haiko mkononi mwa baba mkubwa. Anayetaka kusamehe sehemu yake na asamehe, ana thawabu zake, lakini aijue kwanza, ajue ni kiasi gani anachokiacha, kisha aamue mwenyewe akiwa na akili timamu. Ninyi mmesamehe kwa niaba ya watoto, na bahasha mkaipokea kwa niaba yenu.

Na pale ambapo fidia inapatikana kweli, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Msimamizi wa mirathi anateuliwa Mahakama ya Mwanzo, kikao cha ukoo kinamchagua mdogo wa marehemu kwa sababu "ndiye msomi", hundi inaingia kwenye akaunti, na baada ya miezi kadhaa msomi ana bodaboda mbili na mjane anarudishwa kwao. Msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu tu ya kusimamia. Ni mtumishi wa wategemezi wa marehemu, na mahakama iliyomteua inaweza kumwita aeleze kila shilingi. Mjane anayesoma hapa ajue kwamba anaweza kurudi mahakamani kuomba msimamizi huyo aondolewe. Na ninyi mnaokula, kumbukeni Qurani inasema nini juu ya tumbo la mla mali ya yatima, na Torati inasema nini juu ya kilio cha mjane. Hamkuambiwa mtatozwa faini. Mliambiwa moto, na upanga.

Kuna barua nyingine mnayoiandika bila kujua uzito wake. Ndugu wanakwenda kituoni wanamwambia askari "hatuna malalamiko, hatutaki kesi", na askari, akiwa ameshaonana na tajiri pembeni, anaipokea kwa furaha. Kesi ya trafiki si chuki. Dereva akitiwa hatiani, hukumu ile mtaishika mkononi kama ushahidi mnapokwenda kudai fidia, hamtahitaji kuanza upya kuthibitisha kwamba alikuwa na kosa. Mkiizima mmeuzima ushahidi wenu. Wengine mnafanya kinyume: dereva anatozwa faini, mnarudi nyumbani mkidhani mmelipwa. Faini inakwenda serikalini. Majeruhi hapati hata nauli humo, na madai yake ni kesi nyingine ya madai.

Askari wetu, ramani ya ajali mnayoichora pale barabarani, vipimo vya alama za tairi, jina la kampuni ya bima mnalolinakili kwenye stika, vyote hivyo ni mali ya aliyelala hospitali. Mnapomzungusha ndugu yake wiki tatu akiomba taarifa ya polisi, na mnapompa namba ya "kijana atakayekusaidia", mnamwibia mara ya pili mtu ambaye barabara imeshamwibia. Sisemi ninyi nyote. Wapo waliosimama usiku kucha kuokoa watu na kuandika kila kitu kwa uaminifu, na wananchi wanawajua.

Na kijana huyo mnayetoa namba yake ndiye kishoka. Anaingia wodini muda wa kutazama wagonjwa, ana bahasha ya kaki, anajua jina lako kabla hujamwambia. Anaahidi mamilioni, anakusainisha hati ya uwakilishi usiyoisoma, na baadaye analetewa hundi wewe ukiambiwa bima imegoma. Nyuma yake mara nyingine yupo wakili halisi, mwenye joho na muhuri, anayemlipa kishoka kwa kila majeruhi. Wakili wa namna hiyo ameuza kiapo chake. Mtu anayetafuta msaada asiwe mateka wao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi vijijini na mitaani bila kumtoza mtu asiye na uwezo. Kipo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kipo Chama cha Wanasheria Tanganyika, na dawati la ustawi wa jamii la halmashauri linajua pa kukuelekeza. Kampuni ya bima ikikuzungusha, ina mkubwa wake, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Njia hizi zina foleni na zina usumbufu. Lakini hakuna hata moja kati yake inayokudai dole gumba ukiwa kwenye dawa za maumivu.

Mashehe na wachungaji, siwaachi. Mnaitwa kwenye vikao vya kuyamaliza ili mtie baraka, na mnakuja. Mnafungua kwa dua, mnafunga kwa sala, na katikati yake haki ya yatima inauzwa mkiwa mmekaa hapo hapo. Mlijua aya na mistari niliyoitaja kabla yangu. Ijumaa hii na Jumapili hii waambieni waumini wazi: ajali ikitokea, okoeni watu kwanza na msipekue mifuko yao, pigeni picha ya namba ya gari na stika ya bima, chukueni fomu ya polisi ya PF3, nayo inaweza kufuatwa huku mgonjwa akiendelea kutibiwa, tunzeni tiketi, kadi ya hospitali na kila risiti, maana gharama isiyo na risiti mahakama haiilipi kirahisi, na yeyote asitie saini wala dole kwenye karatasi ya kuacha madai kabla mwanasheria hajaisoma.

Na wewe ambaye ndugu yako bado amelala, na watu wa tajiri wamekwambia usubiri kwanza apone ndipo mzungumze, usisubiri. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 89, dai la namna hii lina miaka 3, na inahesabiwa kuanzia siku ya ajali.