Je, Ni Vibaya Kumlilia Ng'ombe?



Mwezi huu sitaanza na fungu la Biblia. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna mama mmoja mjane katika kanisa letu. Ameniruhusu nisimulie habari zake, lakini jina lake naliacha. Alitoka Kivu Kusini akiwa na watoto watatu, akafika Uganda na wawili. Yule mdogo, mtoto wa kunyonya, alizikwa kando ya njia, upesi upesi, kwa sababu milio ya bunduki ilikuwa karibu. Hapakuwa na matanga. Hakuna mtu aliyeketi naye chini.

Alipofika hapa alilima mahindi na maharage, akaingia katika likelemba ya akina mama. Zamu yake ilipofika, aliongeza fedha ya maharage, akanunua kwa wenyeji wetu mtamba mmoja wa Ankole. Tangu chakula cha msaada kilipopunguzwa kwa familia nyingi mwaka 2023, ninyi mnajua vizuri mtamba ni nini. Ni maziwa ya watoto, ni mbolea ya shamba, ni ada ya shule, ni dawa siku ya ugonjwa. Na kwa mtu aliyekuwa na zizi kwao, ni zaidi ya hayo. Ni kusema, "Sijamalizika."

Mtamba alipata mimba. Miezi tisa mama alimkatia majani na kumchotea maji. Usiku wa kuzaa ulipofika, kichwa cha ndama kilitokea pamoja na mguu mmoja tu. Mguu wa pili ulikuwa umekunjwa nyuma. Majirani walikuja na kamba, wanaume wanne wakavuta. Daktari wa mifugo alipigiwa simu usiku wa manane, akafika asubuhi. Ndama alitoka amekufa, na mama yake, akivuja damu, alikufa kabla ya jua kuchomoza.

Nilipofika, nilimkuta mama ameketi chini karibu na kichwa cha ng'ombe, analia kwa sauti. Nyuma yake watu walikuwa wamekwisha kuja na visu, wakiulizia nyama. Nami, mchungaji, niliyesoma chuo cha Biblia, nilimwambia hivi: "Mama, mshukuru Mungu kwamba si mtu. Ni mnyama tu."

Alinitazama, akasema: "Mchungaji, mtoto wangu nilimzika bila kulia. Leo ninamlilia ng'ombe. Je, mimi ni mama wa namna gani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia, na yale niliyoyaona ndiyo ninayowaandikia leo.

Kwanza, neno "mnyama tu" halimo katika Maandiko. Katika Walawi 22:28 Mungu aliwakataza Waisraeli kumchinja ng'ombe au kondoo pamoja na mtoto wake siku moja. Katika Kumbukumbu la Torati 22 aliwakataza kumchukua ndege pamoja na makinda yake. Fikirini jambo hilo. Watu hao waliruhusiwa kula nyama, lakini Mungu aliona kwamba mama na mtoto kufa siku moja ni jambo zito, hata zizini. Basi mama yetu alipoona wote wawili wamelala mbele yake asubuhi ile, alikuwa anatazama jambo ambalo Torati yenyewe haikutaka mkono wa mtu ulifanye.

Kumbukeni pia nabii Nathani mbele ya Daudi, katika 2 Samweli 12. Alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake. Daudi aliposikia kwamba tajiri amemchinja, aliwaka hasira. Hakusema, "Ni mnyama tu." Alijua kwamba kumwondolea maskini kitu chake kimoja si sawa na kumwondolea tajiri kimoja kati ya vingi. Na katika mwisho wa kitabu cha Yona, Mungu alipotaja wale aliowahurumia Ninawi, hakuwasahau wanyama.

Lakini najua baadhi yenu mtaniuliza: "Mchungaji, sisi tumezika watu. Wengine hata hatukuwazika. Je, machozi yapotee kwa ng'ombe?" Swali hili ni la haki, wala silipuuzi. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na ng'ombe hakuumbwa hivyo. Nisingethubutu kumwambia mama aliyempoteza mtoto hospitalini kwamba uchungu wake ni sawa na wa mwenye zizi. Mizani hiyo tuiache.

Hata hivyo, huzuni si gunia la mahindi ambalo ukimpimia huyu linapungukiwa yule. Mama huyu hakumnyima mtoto wake machozi ili ampe ng'ombe. Njiani hakuwa na nafasi ya kulia, maana angelia angewapoteza na wale wawili. Moyo wake ulifunga mlango ili miguu iweze kutembea. Miaka ikapita. Kisha usiku mmoja akaona tena mama na mtoto, damu, giza, na msaada usiofika kwa wakati. Mlango ukafunguka. Mimi naamini kwamba alipokuwa akimlilia yule ndama, alikuwa pia akimlilia mtoto wake. Nilipomnyamazisha, nilifunga tena mlango ambao Mungu alikuwa ameufungua.

Jambo la pili ni hatia. Siku nyingi mama huyu amekuwa akisema: "Laiti ningemwita daktari jioni. Laiti nisingempeleka kwa fahali wa Friesian." Ni kweli kwamba fahali wa aina kubwa anaweza kumpa mtamba mdogo ndama asiyepita vizuri. Ni kweli pia kwamba mguu uliokunjwa hunyooshwa kwanza kabla ya kuvuta. Lakini yeye aliyajua haya baada ya msiba. Hatia ni ya mtu aliyejua akapuuza. Majuto ni ya mtu aliyejifunza kwa kuchelewa. Hatia tunaitubu. Majuto hayatubiwi, hugeuzwa kuwa mafundisho kwa jirani. Tusimtwike mtu toba ya dhambi ambayo hakuitenda.

Kwa hiyo, ili machozi yake yatusaidie sote, shikeni haya. Ng'ombe anapozaa vizuri, hutangulia miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Ukiona tofauti, au akisukuma kwa nguvu kama saa moja au mbili bila maendeleo, mwite daktari wa mifugo mara moja, usingoje kuche. Kondo la nyuma lisipotoka kwa siku nzima, mwite pia. Usishike kondo wala mimba iliyoharibika kwa mikono mitupu, maana kuna magonjwa yanayoingia kwa mtu. Na mnyama aliyekufa bila sababu kujulikana asiliwe, hata kama njaa ni kali. Kimeta kimeua watu kwa njia hiyo.

Jambo la tatu ndilo gumu. Kwa nini Mungu aliacha itokee kwa mjane mwenye ng'ombe mmoja? Ndugu zangu, sina jibu, na ninyi msimwamini mtu anayewaletea jibu la haraka. Ila kuna kitu katika Ayubu 39. Ayubu alikuwa amepoteza mifugo yake yote na watoto wake, naye akadai kujibiwa. Mungu alipomjibu, kati ya mambo mengi alimwuliza kama anajua majira ambayo mbuzi wa mwituni huzaa, na kama anaweza kuihesabu miezi yao. Hakumweleza sababu ya mateso yake. Lakini alionyesha kwamba yeye mwenyewe anaihesabu miezi hiyo. Basi hata usiku ule, katika banda la miti na turubai, palikuwa na mmoja aliyekuwa akihesabu pamoja na mama. Hilo halielezi kifo. Linasema tu kwamba hakulia peke yake.

Nilirudi kwake nikamwomba msamaha. Safari hii nilikaa chini, sikuhubiri. Akina mama wa kanisa walikuja wakamlimia shamba siku mbili, na wale waliokuja na visu, wengine wao walichimba shimo la kuwazika ng'ombe na ndama wake. Sijui atanunua mtamba mwingine lini. Kamba bado imefungwa kwenye mti wake.

Lakini Jumapili iliyopita, wakati wa maombi, alisimama akataja jina la mtoto wake aliyezikwa njiani. Ni mara ya kwanza tulisikie. Kanisa lote lilinyamaza, kisha tukalia naye. Yalikuwa matanga, yamechelewa miaka mingi, lakini yalikuwa matanga.

Basi, wapendwa, jirani akipotewa na mnyama wake, msimwambie, "Ni mnyama tu." Mwambieni pole, kisha ketini. Hamjui anamlilia nani.

Mungu wa faraja yote awe nanyi. Ni mimi mtumishi mwenzenu katika Kristo,

Mchungaji wenu.