Dhima ya Asiyeona

Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, na wavuvi wetu hulitii neno hilo kila meli kubwa inapopita. Lakini mwenye nguvu naye ana wajibu gani kwa mnyonge asiyemwona? Je, mtu hubeba dhima ya asiloliona?

Nimelipata swali hili juu ya mlingoti wa meli, inapozunguka antena ya rada. Kazi yake ni kurusha mawimbi ya redio na kungoja mwangwi. Antena ya boti ndogo hukaa ndani ya kifuniko mfano wa kawa. Kwa ufupi wake, mwale wake hutanuka, na vyombo viwili vilivyokaribiana huweza kuonekana kimoja. Ya meli kubwa ni kama boriti izungukayo wazi. Kadiri inavyorefuka, ndivyo mwale unavyokuwa mwembamba na picha kuwa bayana. Wimbi la sentimita 3 huchora vitu vidogo kwa ufasaha, ila mvua hulitatiza. La sentimita 10 hupenya mvua vizuri zaidi, lakini hudai antena ndefu zaidi, na vitu vidogo huvichora kwa uhafifu. Ndiyo maana meli nyingi kubwa hubeba zote mbili.

Kinachonishughulisha zaidi ni kitufe kimoja. Bahari ikichafuka, mawimbi ya maji nayo hurudisha mwangwi, na kioo hujaa vidoa. Ofisa wa zamu huvipunguza ili apate picha safi. Sasa ngalawa ya mbao, mwangwi wake ni hafifu kama wa wimbi. Ofisa akizidisha kusafisha, humfuta mvuvi pamoja na povu.

Haitoshi kuwa na chombo cha kuonea. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na Nantucket, Marekani, meli za Andrea Doria na Stockholm ziligongana. Kila moja ilikuwa imeiona nyenzake katika rada, na kila moja ikaifasiri vingine. Watu 51 walifariki. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zinaamuru kila chombo kiweke ulinzi wa macho na masikio, na zinakataza kukata shauri kwa habari haba, hasa habari haba za rada.

Watasema: mvuvi naye apandishe bati mlingotini, aonekane. Ni shauri jema, lakini mnyonge kujitangaza hakumwondolei mwenye nguvu wajibu wa kutazama.

Simlaumu ofisa kwa kusafisha kioo. Asiposafisha, hataona lolote. Namlaumu akisahau kwamba amesafisha, akaitakidi kuwa bahari ni tupu. Kipofu ana udhuru. Aliyefuta kwa mkono wake hana, mpaka ainuke kitini, atoke nje, akalitazame giza kwa macho yake.