Mwalimu wa Kissin

Machi 1984, katika Ukumbi Mkuu wa Konsavatori ya Moscow, mvulana wa miaka 12 aliketi kwenye piano akapiga konseto zote mbili za Chopin katika usiku mmoja. Mpiga piano aliye mtu mzima huridhika kumaliza moja. Mvulana huyo ni Evgeny Kissin, na rekodi ya usiku ule inasikilizwa mpaka leo.

Sifa zote humwendea mtoto, na anastahili. Mimi humfikiria zaidi Anna Kantor, aliyempokea katika shule ya muziki ya Gnessin mvulana huyo akiwa na miaka 6. Alikuta mtoto anayepiga kwa kusikia tu na kujitungia vipande vyake. Mikono ya pupa ingeweza kukiharibu kipaji kile. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii ana haki ya kuota makofi ya ukumbini, lakini amtafutie kwanza mtu atakayekaa naye miaka. Kissin hakuwa na mwalimu mwingine wa piano. Kantor alikuja kuishi na familia ya Kissin, akawa mmoja wao hadi alipofariki mwaka 2021.