Ndege wa Mwenzangu

Msomaji, masika mmoja nilichora picha isiyokuwa yangu, nikaiuza kwa jina langu. Miaka mingi imepita na hakuna aliyenishitaki, lakini kila mvua za Machi zinapoanza jambo hili hunirudia. Nimeona niliweke hapa tulitafakari.

Wakati huo nilikuwa najifunza kuchora Tingatinga katika kikundi kimoja kidogo, Dar es Salaam. Mtindo huu aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile ile ya kupaka baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea kuchora, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Lau wangeona haya kumwiga marehemu, leo tusingekuwa na Tingatinga.

Masika ni msimu wa njaa kwa mchoraji. Aprili na Mei watalii huadimika, na rangi nayo haikauki. Mzee aliyetufundisha alikuwa na kanuni zake za mvua, nami nazifuata hadi leo. Paka tabaka jembamba, usubiri, kisha upake la pili. Tabaka nene hukauka juu tu, chini likabaki bichi, na baada ya wiki uso wote hujikunja. Usijaribu katikati ya picha kama imekauka. Gusa pembeni kabisa, kwa mgongo wa kidole. Usizidishe mafuta ya taa ndani ya rangi ukidhani unaiharakisha, maana utaua mng'aro wake. Ukimaliza kazi, lifunge kopo vizuri uligeuze kichwa chini, ili utando ukiganda ugande upande wa kitako. Na wakati wa kumbikumbi, funika ubao kwa chandarua. (Hili la mwisho nililijua baada ya kuuza simba mwenye mabawa ya kumbikumbi kwenye masharubu.)

Mwenzangu mmoja alikuwa na ndege wake: watatu weusi, shingo zimesokotana, nyuma yao rangi ya machungwa inayofifia kuwa manjano. Masika yale aliugua malaria akarudi kwao. Mimi nikakaa na mbao tupu na tumbo tupu. Nikachora ndege wale mara sita, na kila mara nikaandika jina langu pembeni. Julai wageni walipokuja, zote zilikwisha.

Nimejitetea sana moyoni. Mwanafunzi hujifunza kwa kuiga, na mzee mwenyewe alituamuru tuige. Hata mwenzangu hakuwaokota ndege wale hewani. Shingo ndefu zilikwishachorwa na wengi kabla yake. Hoja hizi ni za kweli, ila zinasimama palepale penye ile kona ya chini. Wanafunzi wa marehemu hawakuficha walikojifunzia. Mtindo mzima wameuita kwa jina lake hadi leo. Mimi nilimficha mtu aliye hai, tena mgonjwa, naye alihitaji fedha zile kuliko mimi. Kama ningeandika majina mawili, je, mnunuzi angekataa? Sidhani. Sikujaribu.

Alirudi Agosti, amekonda, na mbao mbili za ndege wake. Mteja mmoja akazitazama akasema picha hizi amekwisha kuziona, za fulani, akanitaja. Mwenzangu akanyamaza. Jioni, tulipokuwa tunaosha brashi, akanigeukia.

"Ndugu yangu, ile rangi ya nyuma uliikaushaje na mvua zile?"

Nikamweleza: matabaka mawili membamba, siku tatu katikati. Akashukuru. Fedha sikumpa, naye hakudai. Toka siku ile alichora samaki tu.