Mwigizaji Ana Nafsi Ngapi?

Plato aliwaogopa waigizaji. Katika kitabu chake cha Jamhuri anadai kwamba kuiga kunakoanza utotoni na kuendelea hugeuka mazoea, na mazoea hugeuka tabia. Kwa hiyo hakutaka walinzi wa mji wake wa mfano waige watu waovu wala waoga. Karne nyingi baadaye, mwanafalsafa Diderot wa Ufaransa alileta shaka ya upande mwingine: mwigizaji mkubwa huweza kuwa mtu yeyote kwa sababu yeye mwenyewe hana tabia yake. Kwa huyu wa kwanza, nafsi ya mwigizaji imejaa wageni. Kwa huyu wa pili, ni nyumba isiyo na mwenyewe. Mimi naona Plato yuko karibu zaidi na ukweli, maana ni kweli kwamba tunachokirudia ndicho kinachotujenga. Alipokosea ni katika kutambua mwigizaji anarudia nini hasa. Hasira ya mfalme huigizwa kwa msimu mmoja ikaachwa. Kinachorudiwa mwaka hadi mwaka ni kufika mazoezini, kukariri maneno, kumsikiliza mwenzako kwa makini, na kukubali kwa muda kwamba mtu mwingine ana sababu za kuwa alivyo. Kama marudio hujenga nafsi, basi haya ndiyo yanayoijenga nafsi ya mwigizaji.

Hoja hii haiwezi kupimwa kwa kazi ya miaka mitano. Inahitaji maisha marefu, na maisha ya mwigizaji Lee Soon-jae wa Korea Kusini yanatosha. Alizaliwa mwaka 1934 huko Hoeryong, mji ambao leo uko Korea Kaskazini, akasomea falsafa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, akapanda jukwaani mwaka 1956 katika mchezo wa Eugene O'Neill, na hakuondoka kazini mpaka afya ilipomshinda mwishoni mwa mwaka 2024. Watu aliowaigiza hawapatani hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa baba mkali anayeitawala nyumba yake kwa amri. Mwaka 1999, katika tamthilia ya Hur Jun iliyofikia kutazamwa na zaidi ya nusu ya watazamaji wa nchi nzima, alikuwa mganga Yoo Ui-tae, mwalimu anayemwachia mwanafunzi wake mwili wake mwenyewe aupasue na kujifunza ugonjwa uliomuua. Kisha, akiwa na miaka 72, alikubali kuwa babu wa kuchekwa katika vichekesho vya High Kick, mzee anayetazama video za aibu kwa siri, na mhusika huyo akapewa jina lake halisi. Katika jamii inayowaheshimu wazee kama ya Wakorea, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini mwaka 2007 aliketi kwenye kiti cha enzi kama Mfalme Yeongjo katika tamthilia ya Yi San, na watazamaji wakamwamini. Kama fedheha ya babu yule ingekuwa imemwingia kwa namna aliyoihofia Plato, ufalme ule usingesimama.

Diderot angejibu kwamba haya yote yanathibitisha utupu wake. Lakini mtu mtupu hana cha kushikilia, na Lee alishikilia. Kati ya mwaka 1992 na 1996 alikuwa mbunge. Muhula ulipokwisha hakugombea tena, akarudi kuigiza. Mwaka 2021, akifikisha miaka 87, alimwigiza Mfalme Lear mjini Seoul katika onyesho la zaidi ya saa tatu. Lear ni mzee anayetaka kuacha kazi ya ufalme lakini abaki na heshima yake, na kwa kosa hilo anafika mahali pa kuuliza yeye ni nani. Mwigizaji wake alikuwa amefanya kinyume: aliacha cheo, akabaki na kazi. Hata Januari 2025, alipopewa tuzo kuu ya tamthilia za televisheni ya KBS akiwa na miaka 90, alisisitiza kwamba uigizaji upimwe kama uigizaji bila kuangalia umri wala umaarufu, kisha akawaomba radhi wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Gachon kwa sababu upigaji picha ulimzuia kuwafundisha ipasavyo. Hayo si maneno ya nyumba isiyo na mwenyewe.

Sidai kwamba kumwigiza mwalimu mwema humfanya mtu awe mwema. Mwaka 2020 aliyekuwa meneja wake alilalamika hadharani kwamba alitumikishwa kazi za nyumbani, na Lee akaomba radhi. Kazi hujenga sehemu ile inayoifanyia mazoezi. Umakini wa jukwaani unaweza usifike mlangoni kwako. Hoja yangu haihitaji zaidi ya hapo, na anayetaka kumfanya mwigizaji mtakatifu asiitegemee.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Korea Kusini ina kiwango cha juu zaidi cha umaskini wa wazee kuliko karibu nchi zote tajiri. Takriban wanne kati ya kila kumi wenye zaidi ya miaka 65 wako chini ya mstari wa umaskini. Wengi wao hufanya kazi hadi uzeeni kwa sababu wakiacha hawatakula. Ukimsifu mzee mmoja kwa kufanya kazi hadi miaka 90, je, huwaambii hao wengine kwamba mateso yao ni heshima? Ungekuwa unawaambia hivyo, kama sifa ingekuwa ya kazi tu. Lakini kinachojenga nafsi ni kurudia jambo ulilolikubali. Kulazimishwa kurudia, hata kwa miaka 70, huichosha nafsi tu. Serikali ya Korea Kusini ilimtunukia Lee nishani ya juu kabisa ya utamaduni alipofariki Novemba 2025, na alistahili. Wazee wale nao wanastahili pensheni ya kuwatosha, ili anayefanya kazi akiwa na miaka 80 awe ameichagua mwenyewe.